Mtu wa Nne Kabla ya Gari la Pili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usalama katika mji mdogo uliopitiwa na barabara kuu. Kituo chetu cha zimamoto kina gari moja na watu watatu kwa zamu, siku nyingine wawili. Tumepata fungu la fedha, na wajumbe wengi wanataka tununue gari la pili. Mkuu wa kituo anasema yeye anahitaji watu. Mjadala ukiwa bado haujaisha, askari wetu mmoja akagongwa na gari dogo usiku alipokuwa akipanga koni kwenye ajali. Amevunjika mguu. Sasa kuna wanaosema gari la pili lingemkinga. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, ndugu mjumbe. Poleni kwa yaliyompata kijana wenu, na mwambieni asikimbilie kurudi kazini.

Mkuu wa kituo yuko sahihi. Mkinunua gari la pili bila kuongeza mtu, mtakuwa na magari mawili na watu walewale watatu, yaani gari moja linalotoka na jingine linalooshwa kila Jumamosi. Lakini wale wanaosema gari lingemkinga kijana nao hawajakosea kabisa. Nitawafikia, maana hoja yao ina jambo ambalo hata mkuu wa kituo huenda hajalisema.

Chukua moto wa kawaida wa nyumba. Gari limefika na watu watatu. Dereva ndiye mwendesha pampu, na hawezi kuiacha: walio ndani wanaishi kwa maji anayowapa, na akienda kutafuta ngazi, shinikizo likishuka hakuna wa kuona. Wamebaki wawili. Wa kwanza anashika nozeli, wa pili anauvuta mpira nyuma yake, kwa sababu mpira uliojaa maji ni mzito na hukwama kwenye kila kona na kila fremu ya mlango. Wakiingia hao wawili, nje hakuna aliyevaa mtungi wa hewa akiwa tayari kuwafuata wakizidiwa. Hakuna anayekata umeme. Hakuna anayemuuliza mama anayelia mtoto alilala chumba gani. Nchini Marekani kanuni za usalama kazini zinadai wawili ndani na wawili nje kabla ya kuingia kwenye moto uliokolea, isipokuwa pale inapobidi kuokoa mtu. Watatu hawafikishi hesabu hiyo, na kikosi chenu kila kinapoingia na watatu kinacheza kamari ambayo hakuna mjumbe aliyeipigia kura.

Mwaka 2010 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya majaribio ambayo nawasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Walichukua vikosi vya watu wawili, watatu, wanne na watano, wakawapa nyumba ya aina moja na kazi 22 zilezile, kisha wakawapima kwa saa. Kikosi cha wanne kilimaliza kazi zote kwa muda pungufu kwa karibu asilimia 30 ukilinganisha na cha wawili, na karibu asilimia 25 ukilinganisha na cha watatu. Kati ya watatu na wanne tofauti ilikuwa dakika 5 hivi.

Dakika 5 zinaonekana kidogo mpaka ujue chumba cha siku hizi kinavyoungua. Sofa za sponji, mapazia ya nailoni na plastiki za kila aina zinatoa joto kali na gesi nyingi zinazoshika moto. Maabara ya UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa, iliwasha vyumba viwili, kimoja chenye samani za zamani za mbao na pamba, kingine chenye samani za kisasa. Cha zamani kilichukua karibu nusu saa kufikia hatua ambapo chumba kizima kinashika moto kwa mpigo. Cha kisasa hakikufika hata dakika 5. Kwa hiyo dakika mnazopoteza kwa kukosa mtu wa nne zinatoka kwenye akiba ambayo tayari ni ndogo mno.

Ndiyo maana kiwango namba 1710 cha NFPA, chama cha Marekani kinachoandika viwango vya kinga ya moto, kilichoandikwa kwa vikosi vya kuajiriwa, kinataka watu wasiopungua wanne kwenye gari la kuzimia moto. Wajerumani wamekwenda mbali zaidi: kikundi chao kamili ni watu 9, na kidogo ni 6. Siwaambii muwe na tisa. Nawaambia kwamba waliofanya kazi hii kwa vizazi, kila mmoja kwa njia yake, hawakuishia watatu.

Sasa hesabu ambayo kamati nyingi hukosea. Watu husema, "Tunataka wanne kwa zamu, basi tuongeze mmoja." Kiti kimoja kwenye gari kinatakiwa kiwe na mtu mchana na usiku, mwaka mzima, yaani saa 8,760. Mtu anayefanya kazi saa 48 kwa wiki, ukitoa likizo, ugonjwa na siku za mafunzo, atakuwepo kituoni kama saa 2,100 kwa mwaka. Gawanya, utapata kwamba kiti kimoja kinahitaji watu wanne na kidogo. Viti vitatu ni watu 13, viti vinne ni 17. Unaposema siku nyingine wanakuwa wawili, nakisia kwamba orodha yenu ina watu 10 au 11. Sidhani kama kuna mvivu hapo. Orodha yenyewe haitoshi viti, na mkuu wa kituo anaziba pengo kwa kuwanyima watu likizo au kwa kufumba macho.

Kama mishahara ya watu sita au saba wapya haiwezekani mwaka huu, kuna njia ya kati: watu wa kujitolea au wa kuitwa kwa simu, wenye mafunzo kamili na bima kamili. Msiidharau. Ujerumani ina wazimamoto wa kujitolea wapatao milioni moja, na Chile wazimamoto wake ni wa kujitolea. Kwa vikosi vya namna hiyo NFPA ina kiwango kingine, 1720, kisichoangalia nani alikuwa kwenye kiti bali wangapi wamefika na baada ya muda gani. Kwa maeneo ya vijijini kinataka watu 6 ndani ya dakika 14 katika asilimia 80 ya miito. Sharti langu ni moja: mtu wa kujitolea avae vifaa sawa na mwajiriwa. Nimeona kituo ambacho waajiriwa walivaa makoti ya zimamoto na wa kujitolea wakapewa maovaroli ya gereji. Waliendelea kuja kwa miezi mitatu, kisha wakaacha kupokea simu.

Vifaa. Kabla ya kuwaza gari, nenda kituoni ukahesabu mitungi ya hewa. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 una hewa kama lita 2,000. Kwenye karatasi, hiyo ni dakika 50. Mtu anayepanda ngazi akivuta mpira anaweza kupumua lita 80 kwa dakika au zaidi, na filimbi ya tahadhari inalia zinapobaki bar 55 hivi, kwa hiyo kazi halisi ni kama dakika 20. Wawili wakiingia na mtungi mmoja mmoja bila akiba, baada ya dakika 20 kituo chenu kimekwisha, hata kama nje kuna magari kumi yanayong'aa. Kila anayepanda gari awe na seti yake na mtungi wa akiba, na kuwe na mahali pa kujazia.

Maji nayo yana hesabu yake. Tangi la lita 2,000 na nozeli inayotoa lita 400 kwa dakika linakupa dakika 5. Nozeli ya pili ikifunguliwa, dakika mbili na nusu. Ndiyo maana, mkija kununua gari la pili (na siku moja mtalinunua), huenda mnalohitaji ni la kubebea maji kuliko pampu nyingine, hasa kama bomba za zimamoto barabarani ni chache au hazijajaribiwa miaka. Ila gari la maji linataka dereva aliyefundishwa hasa. Lita 10,000 ni tani 10, na tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji yanahama kwenye kona na kulisukuma gari upande yanakokwenda. Magari ya namna hii hupinduka sana, mara nyingi kabla hata ya kufika kwenye moto.

Mkipewa gari lililotumika kama msaada, shukuruni, kisha tafuteni vitu viwili kabla ya kusaini. Cha kwanza ni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 1413 ni wiki ya 14 ya mwaka 2013. Gari la zimamoto hutembea kidogo, kwa hiyo tairi huonekana mpya huku mpira umeshakauka na kukakamaa. NFPA inataka zibadilishwe kila baada ya miaka 7 hata kama kashata hazijaisha. Cha pili ni viungio vya mipira. Februari 1904 mji wa Baltimore ulipowaka, vikosi vilitoka Washington, Philadelphia na New York kuja kusaidia, vikakuta mipira yao haishiki kwenye bomba za Baltimore. Moto ulidumu zaidi ya saa 30 na majengo zaidi ya 1,500 yaliharibika. Hata leo utakuta gari lenye viungio vya Storz, aina ya Kijerumani, limepelekwa kwenye mji ambao kila kitu ni cha aina nyingine, na hakuna aliyewaza adapta. Ulizeni pia kituo cha jirani wanatumia viungio gani, maana kikosi chenu kikiwa kwenye ajali barabarani, mji umebaki mtupu, na hao ndio watakaokuja. Makubaliano nao yaandikwe mapema, na gari lao liitwe simu ya kwanza inapoingia, wasisubiri ninyi mshindwe.

Nije kwa kijana wenu. Je, gari la pili lingemkinga? Gari lolote zito likisimamishwa vizuri linakinga. Hata hilo moja mlilonalo, na hata lori la idara ya barabara likiletwa na mchanga wake. Linasimama kabla ya ajali, upande magari yanakotoka, limekaa mshazari, likiziba njia yenye ajali na njia moja zaidi kama ipo. Magurudumu ya mbele yanageuzwa yaelekee nje ya eneo la kazi, ili likigongwa kutoka nyuma lisije likawaendea mliokuwa mnataka kuwalinda. Kwa sababu hiyohiyo halisimami limebanana na ajali. Linaachiwa nafasi ya kusukumwa. Paneli ya pampu iwe upande usioelekea magari yanayopita, na watu washukie upande huo. Eneo hilo linalokingwa na gari sisi tulizoea kuliita kivuli. Ukiwa kivulini unafanya kazi. Ukitoka kivulini, uwe na sababu, na uso wako uelekee magari yanayokuja.

Kazi ya kupanga koni ndiyo inayomtoa mtu kivulini kuliko nyingine zote. Gari la kilomita 100 kwa saa linakula mita 28 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, ameshakwenda mita 42 bila kugusa breki. Ongeza mita kama 55 za kufunga breki kwenye lami kavu, unakaribia mita 100. Lami ikiwa imelowa, hesabu 140. Kwa hiyo koni au kibao cha kwanza kikiwa mita 30 kutoka kwenye ajali, kinamwonya mtu ambaye hana tena la kufanya. Kikiwekwa baada ya kona au baada ya mgongo wa kilima, ni kama hakipo. Kirudishwe nyuma mpaka dereva akione kabla ya kona.

Mimi mwenyewe nilipanga koni nikiwa nimeyapa magari mgongo. Nilikuwa kijana, nimebeba koni nne kifuani, natembea kuelekea kule magari yanakokwenda kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga wetu. Sikulisikia gari. Nilisikia kitu kikipuliza sikio na koni ya juu ikaniponyoka, imepigwa na kioo cha pembeni. Dereva hakusimama, sidhani hata kama aliniona. Koti langu lilikuwa na mistari ya kuakisi mwanga, ndiyo, lakini ilikuwa na masizi ya moto wa wiki tatu, na mstari wenye masizi hauakisi chochote. Tangu siku hiyo fulana ya kuakisi, safi, ilivaliwa juu ya koti kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Si baada ya kushuka. Gari likisimama watu wanaruka, na fulana iliyo kwenye boksi la nyuma hubaki huko.

Taa nazo zinadanganya. Watu hudhani kadiri vimulimuli vinavyokuwa vingi ndivyo usalama unavyoongezeka. Usiku, gari likishasimama, taa kubwa za mbele zinazomkabili dereva anayekuja na vimulimuli vikali vinamtia giza machoni. Anaona mwanga, hamwoni mtu aliyesimama mbele ya mwanga. Zimeni taa kubwa zinazotazama magari, punguzeni vimulimuli vibaki vya kutosha kuonyesha gari lilipo, na taa za kazi zielekezwe chini.

Sasa ndilo lile jambo nililosema huenda mkuu wa kituo hajalisema. Usiku ule mlikuwa na watu watatu, au wawili. Ajali inataka mmoja kwa majeruhi, mmoja wa kuegemeza na kuimarisha gari lililoharibika na kushika mikasi ya haidroliki, mmoja wa pampu au mpira kwa sababu mafuta yanavuja. Aliyepanga koni aliacha kazi nyingine ili azipange, na hakukuwa na mtu wa kumtazamia nyuma. Mtu huyo anayetazama tu, mwenye filimbi mdomoni, asiyegusa majeruhi wala kifaa, ndiye wa kwanza kukatwa kwenye kikosi kilichopungukiwa, kwa sababu akisimama pale anaonekana hafanyi kazi. Huyo ni mtu wa nne. Kwenye moto ndiye aliye nje na mtungi mgongoni; barabarani ndiye jicho. Gari la pili lingesimama pale kama ukuta, sawa, lakini nani angeliendesha mpaka pale?

Lipo la wananchi pia, nalipita haraka. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria inayomtaka dereva ahamie njia ya mbali au apunguze mwendo anapopita gari la dharura lililosimama. Ujerumani inawataka madereva kwenye foleni ya barabara kuu wagawanyike, wa njia ya kushoto kabisa wasogee kushoto na wengine wote kulia, ili njia ya uokoaji ibaki katikati. Kama kwenu hakuna, kamati inaweza kupendekeza. Na fundisheni watu kusoma kibao cha rangi ya chungwa kwenye malori ya mafuta: 33 juu na 1203 chini ni petroli. Lori lenye kibao hicho likipinduka, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche ya pikipiki ya mtu aliyekuja na dumu. Hapo polisi wanahitajika kabla ya maji.

Moyo usisahaulike. Marekani, ambako vifo vya wazimamoto kazini vimehesabiwa tangu 1977, miaka mingi kinachoongoza ni mshtuko wa moyo, si moto wenyewe. Watatu wakifanya kazi ya wanne, mzigo unaingia kwenye vifua vyao. Kipimo cha afya cha kila mwaka kiandikwe kwenye bajeti hiyohiyo.

Kabla ya kikao kijacho mwombe mkuu wa kituo akuandalie karatasi moja: miito yote ya miezi mitatu iliyopita, saa simu ilipoingia, saa gari lilipofika, na watu wangapi walishuka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo isomwe kwa sauti. Kisha pendekezeni kwa mpangilio huu: kwanza orodha ifikie watu 17, kwa ajira au kwa kujitolea; pili mitungi, fulana, koni na vibao vya kutosha; tatu makubaliano na jirani na lori la idara ya barabara liwe kwenye orodha ya simu; nne, fedha ikibaki au fungu la mwakani likija, gari la maji.

Kijana akirudi, mwanzoni akae kwenye pampu. Asipelekwe koni za usiku mpaka zamu yake iwe na watu wanne, na siku ya kwanza atakayotoka, mwenye filimbi awe mtu anayemwamini.